Zumari Lilipoingia Sikioni

Katika nyumba ya mzee Memish, taya la mtu likianza kulia tak kila afunguapo mdomo, watu walifurahi. Walisema zumari limemwingia sikioni. Alish alikuwa na miaka ishirini na saba lake lilipolia mezani, mbele ya supu ya maharage. Baba yake akaweka kijiko chini, akamwambia afungue mdomo tena. Tak. Mzee akainuka kwenda kuleta chupa ya rakia, pombe kali ya matunda, aliyokuwa ameificha nyuma ya magunia ya pilipili.

"Sasa wewe ni fundi," akasema. "Mimi lililia nikiwa na thelathini."

Tangu siku ile Alish alilionea fahari lile tak kama wengine wanavyoonea fahari nishani. Kwa miaka ishirini na miwili alimshikia sauti kaka yake Feim. Wapiga zumari wa milima ya Pirin hufanya kazi wawili wawili: mmoja anapiga wimbo, mwenzake anashika sauti moja tu chini yake, mashavu yamevimba, pumzi inaingia puani huku nyingine inatoka mdomoni. Anayepiga wimbo anaweza kutua akafuta jasho. Anayeshika sauti hatui mpaka ngoma inyamaze.

Na zilikuwa harusi kweli, zile. Siku tatu, meza barabarani, mzee Memish akitembea kinyumenyume mbele ya bibi harusi, kofia imemkaa upande, wanawe wawili nyuma yake wakipuliza mpaka mbwa wa mtaa wanakimbia. Sasa vijana wengi wako Ujerumani na harusi inaisha saa nne usiku. Alish aliziota harusi zile hata akiwa macho.

Vuli moja taya likaacha kulia. Likagoma pia kufunguka. Daktari wa meno wa mjini kwao alimng'oa gego lisilo na ubovu, maumivu yakabaki palepale. Mwingine akamtia dawa ya matone sikioni. Mwishowe Alish akapanda basi kwenda Blagoevgrad kwa Daktari Velichkova, mwanamke kijana aliyeshughulika na mataya tu.

Alimwekea vidole mbele ya masikio, akamwambia afungue na kufunga taratibu. Akapima kwa rula ndogo: mdomo ulifunguka milimita ishirini na nne tu. Akambonyeza misuli ya mashavu na panja mpaka machozi yakamtoka. Halafu akamweleza kwamba kwenye kiungo cha taya kuna kipande cha gegedu, kama mto mdogo kati ya mifupa. Kikiteleza mbele kisha kikarudi, hulia. Chake kilikuwa kimeacha kurudi.

"Hii tak ilianza lini, baba?"

"Nilipopata ufundi," Alish akajibu, na hapohapo akasikia jinsi neno lile lilivyokuwa la kijinga.

Akamsimulia habari za mzee Memish mpaka alipofariki. Daktari akauliza marehemu alikuwa anakula nini miaka yake ya mwisho. Popara, Alish akasema, mkate uliolowekwa kwenye maziwa ya moto, asubuhi na jioni. Walikuwa wakimtania kwamba amerudi utotoni, na mzee alicheka nao, mdomo nusu. Hakuna aliyemuuliza kwa nini. Alish akaangalia kofia iliyokuwa mapajani mwake.

Alipewa kifaa cha plastiki cha kuvaa kwenye meno akilala, kitambaa cha maji moto cha kukanda taya, chakula laini, mazoezi ya kufungua mdomo ulimi ukiwa juu kwenye kaakaa. Asibangue mbegu za alizeti. Miezi mitatu asiguse zumari, na baada ya hapo apumzike kila dakika chache, maana taya likijifunga tena huenda lisifunguke.

"Daktari, anayeshika sauti hapumziki."

"Basi usishike."

Feim aliposikia kwamba sasa yeye ndiye ashike sauti, alikasirika. Kwa wapiga zumari, mwenye wimbo kushika sauti ni kama bwana harusi kuosha vyombo. "Baba hakunishikia mimi hata siku moja," akasema. "Leo nikushikie wewe, mdogo wangu?" Akakodi mtu wa bonde la chini, naye pumzi ilimkatika katikati ya kila wimbo.

Ikafika Ederlezi, sikukuu ya majira ya kuchipua, mwanakondoo yuko motoni, mpiga ngoma amejifunga ngoma yake, yule mtu wa kukodi haonekani. Alish alikuja na zumari kwenye mfuko. Akamwambia kaka yake atashika sauti, liwalo na liwe.

Feim akauliza, "Baba alikuwa anaumwa kweli?"

"Alikuwa anaumwa."

"Na sisi tunacheka."

"Tunacheka."

Feim akaketi kwenye kiti cha pili, akajaza mashavu, akashika sauti. Alish alianza vibaya. Wimbo ule aliusikia maisha yake yote lakini vidole vyake havikuwahi kuupiga. Mara ya pili ukaja, ule wa polepole ambao mzee alipenda kumtolea nao bibi harusi mlangoni kwao. Katikati akaliondoa zumari mdomoni, akalegeza taya. Sauti ya kaka yake iliendelea chini, imetikisika kidogo, haikukatika. Feim alikuwa mwekundu kama pilipili, akimtolea macho aanze, maana anakufa. Alish akapumzika kama daktari alivyomwagiza, akahesabu pumzi tatu, kisha akaanza tena.