Mungu wa Matufaha Ana Miaka Hamsini na Minane

Roswitha Kessenich alikuwa akimenya viazi simu ilipolia. Aliposikia ni Oehlke, mkuu wa jumba la opera, akakitupa kisu kwenye sinki.

"Bi Roswitha, tuokoe! Svea sauti imemkauka, hata salamu haitoki. Na leo ndiyo onyesho la kwanza!"

Akasonya msonyo mrefu. Nafasi ile si ilikuwa yake? Tangu nywele zake hazijaingia mvi, yeye ndiye aliyekuwa mungu wa matufaha, yule wa hadithi za kale za kaskazini, anayewalisha miungu wenzake matufaha ya dhahabu wasizeeke. Mwaka huu akaletwa mwongozaji kutoka Berlin, Falk Dornseif, kijana wa suruali za kubana. Akamtazama juu chini mbele ya kwaya nzima, akasema, "Mama, mungu wa ujana hawezi kuwa na kiuno kama hiki." Kwaya ikacheka. Wote! Hata wale aliowafundisha kazi yeye mwenyewe. Nafasi akapewa Svea, msichana mbichi. Roswitha akafunga virago akarudi kwake, na hasira hazikupoa hata siku moja.

"Nitaimba," alimwambia Oehlke. "Lakini utoke mbele ya pazia unitaje jina. Jina langu lote. Hutaki, wawekee watu redio waisikilize."

"Naapa, Bi Roswitha."

Wala hakuwa anaomba hisani. Mwimbaji akipoteza sauti, anaigiza kimya, na mwenzake anaimba kando ya jukwaa penye kinara cha kuwekea karatasi za nota, watu wakimwona. Kabla ya kuanza, anatajwa jina na kupigiwa makofi. Ndivyo ilivyo katika majumba yote ya Ujerumani, makubwa kwa madogo.

Alipofika alikuta kinara kimesukumwa nyuma ya pazia jeusi, gizani, kama ndoo ya kupigia deki.

"Usijali, mama," Falk akasema, anatafuna bazoka. "Ukionekana, utaniharibia picha ya jukwaa."

"Mama yako yuko kwenu! Mimi sikukuzaa, na ningekuzaa ungekuwa na adabu."

Falk akacheka, akamnong'oneza Oehlke kitu sikioni. Oehlke akatoka mbele ya pazia. Roswitha akatega sikio.

"Wapendwa, Svea Lindhorst anaumwa. Ataigiza, na ataimbiwa na mwenzetu mmoja wa hapa nyumbani."

Basi. Mwenzetu mmoja! Damu ikamchemka Roswitha. Akamsubiri Oehlke arudi amwangalie usoni, lakini mwanamume yule mzima akainamisha kichwa akapita mbio.

Aliimba, kwa kuwa muziki haukumkosea kitu. Sehemu ya kwanza yote aliimba gizani huku Svea, mwembamba, anameremeta, akifumbua na kufumba mdomo. Watu walipiga makofi wakimtazama Svea, na kila walipopiga, Roswitha aliona kama anaibiwa mchana kweupe.

Ikaja sehemu ya pili. Majitu wamemwiba mungu wa matufaha, na miungu waliobaki wanazeeka, migongo imepinda, wanamlilia arudi. Hapo yeye hujibu, "Niko hapa." Svea akafumbua mdomo.

Kimya. Roswitha alikuwa amefunga wake, makusudi kabisa.

Kiongozi wa okestra akaganda mikono juu. Kutoka upande wa pili Falk akafoka kwa mnong'ono, "Imba! Imba, we kizee!"

Kizee? Haya! Roswitha akakikamata kinara, akakiburuta, chuma kikikwaruza mbao ukumbi mzima ukisikia, mpaka katikati ya taa. Alikuwa na koti lake la mtaani, kitu ambacho mwimbaji hathubutu kuvaa jukwaani kwa kuogopa mkosi. Mkosi gani tena uliobaki?

"Naitwa Roswitha Kessenich," akawaambia watu. Kisha akamwitikia kiongozi kwa kichwa, akaimba, "Niko hapa."

Svea akamwekea kikapu cha matufaha miguuni, akakaa chini kando yake. Angalau mtoto yule alikuwa na haya. Roswitha aliimba hapohapo mpaka mwisho, na pazia lilipoanguka, ukumbi ulisimama ukiita jina lake.

Onyesho la kwanza ndiyo siku pekee mwongozaji naye hutoka kuinama, na watu humpa haki yake papo hapo, iwe makofi au kuzomewa. Falk alipotokeza, walimzomea kuanzia viti vya mbele hadi roshani za juu. Akakenua meno, akamnyooshea Roswitha mkono ili wainame pamoja, ajifiche ndani ya makofi yake.

Roswitha aliutazama ule mkono. Akainama, akachukua tufaha moja la plastiki lililopakwa dhahabu, akambandika kiganjani.

"Kula upesi, kijana," akamwambia. "Umeshaanza kuzeeka."