Saa Zilizofuata Meza ya Meneja

Shemeji yangu, mume wa mdogo wangu wa kike, ndiye mtaalamu wa kompyuta katika kiwanda cha sabuni ninachoendeshea lori. Ana diploma, ana miwani, ana kitambulisho shingoni ambacho havui hata akija kula kwangu. Wafanyakazi wanamwita Injinia. Yeye anadhani wanamsifu.

Mlangoni pa kiwanda kuna mashine ya vidole. Ukifika unabandika kidole, nayo inaandika saa uliyoingia. Saa hiyo inaichukua kwenye kompyuta nyingine, ile iliyoelekezwa kuifuata. Injinia mwenyewe alinieleza kwamba nchi ina seva za saa za umma, kompyuta zinazotunza saa sahihi na kumjibu yeyote anayeziuliza kwa intaneti, bila malipo. Benki zinauliza huko, hata shule zinauliza huko. Yeye aliielekeza mashine yetu kwenye kompyuta ya meneja. Meneja alikuwa amesema kiwanda chake hakitakwenda kuomba saa kwa watu kama jirani aliyeishiwa chumvi. Saa itatoka mezani kwake. Injinia akajibu ndiyo, mkubwa.

Sasa meneja ni mmoja wa wale watu wanaosogeza saa mbele ili wasichelewe. Aliisogeza ya kompyuta yake kidogo. Akaizoea, ikawa haimtishi tena, akaongeza. Akaizoea tena, akaongeza tena. Mtu mzima mwenye kitambi anacheza mchezo wa kujificha na saa yake mwenyewe. Na kila alipoongeza, mashine ya mlangoni ilimfuata kama kifaranga.

King'ora kilipigwa na mlinzi kwa kutazama simu yake, ambayo ilikuwa sawa. Kwa hiyo asubuhi unaingia kabla ya king'ora, mashine inasema umechelewa. Jioni unatoka king'ora kikilia, mashine inasema umezidisha muda. Kuchelewa kulikuwa na barua ya onyo. Kuzidisha hakukuwa hata na asante. Watu walipolalamika, msimamizi aliwaambia mashine ya ofisi haiwezi kushindwa na visimu vyao vya mkopo.

Wengi wakaanza kujihimu alfajiri, wakayamaliza. Mdogo wangu hakuweza. Yuko chumba cha kufungia sabuni, na kila asubuhi humpitisha mtoto kwa mlezi, na mlezi hafungui mlango kabla ya wakati wake. Baba wa mtoto angeweza kumpeleka, lakini baba wa mtoto huwahi kazini kumwashia meneja kompyuta. Barua za onyo zikamjia moja baada ya nyingine, mpaka ikaja ya kumwita kikaoni ajieleze kwa nini asifukuzwe.

Nilikwenda kwao jioni ileile. Shemeji alikuwa sebuleni akipangusa miwani. Sikumzungusha. Nilimuuliza kama anajua mashine inaongopa, akasema anajua. Nilimuuliza kuirekebisha ni kazi ya siku ngapi, akasema ni kuandika mstari mmoja tu. Basi kwa nini huandiki? Akaanza kunihesabia sababu, usalama wa mtandao, utaratibu, idhini ya maandishi. Msomi akitaka kuogopa hakosi neno zuri la kufunikia woga.

"Shemeji," akasema mwishowe, "meneja akiona saa yake imerudi nyuma atajua ni mimi."

"Na mkeo akirudi nyumbani hana kazi, utajua ni nani?"

Akavaa miwani yake. Mdogo wangu alikuwa mlangoni na mtoto begani, alisikia yote. Aliniambia niondoke tu, kikaoni mumewe atasema. Bado alikuwa anamwamini. Mapenzi nayo yana wajinga wake, hata katika ukoo wetu.

Kanuni inamruhusu mtuhumiwa kuja na mwenzake kazini, kwa hiyo nilikaa pembeni yake. Meneja alikaa kwenye kiti kinachozunguka, akawa anazunguka. Mdogo wangu alieleza vizuri kuliko nilivyotarajia: anaingia kabla ya king'ora, mlinzi ni shahidi, saa ya mashine imetangulia. Meneja akacheka. Akasema tusibishane na vyuma wakati mwenye vyuma yupo, akamwita Injinia.

Alikuja na kitambulisho chake kikining'inia. Meneja akamuuliza kama mashine ina hitilafu.

"Haina hitilafu, mkubwa. Inafanya kama ilivyoelekezwa."

Mdogo wangu akageuka kumtazama. "Baba Pacha," akasema taratibu, jina walilokuwa wakitaniana nalo tangu uchumba kabla hata ya mtoto mmoja, "waambie imeelekezwa wapi."

Akafungua kinywa. Nilidhani jibu linakuja. Akasema hayo ni mambo ya kiufundi, hayahusiani na kikao. Meneja akamshukuru kwa utaalamu wake. Mdogo wangu akafukuzwa kazi palepale, na mtu aliyemfungulia mlango atoke ni mumewe. Adabu anayo, hilo siwezi kumnyima.

Siku hiyo alihamia kwangu na mtoto.

Wiki iliyofuata, kuchelewa kuliisha kiwandani kote, hata kwa wale wavivu wa kuzaliwa. Meneja akatukusanya uani, akatangaza kwamba umekatwa mkia mmoja tu na kundi zima limenyooka. Watu wakapiga makofi. Injinia alipiga pia, nilimwona.

Jioni alikuja kwangu amebeba matunda, uso unang'aa. Akamwambia mkewe ameandika ule mstari. Mashine sasa inauliza seva za umma, na kompyuta ya meneja ameiacha vilevile iendelee kukimbia peke yake. Meneja hajagundua lolote.

"Kwa hiyo ulikuwa unaweza kuigeuza ya mlangoni bila kuigusa yake?" mdogo wangu akauliza.

"Sikuwa nimewaza hivyo."

"Ulikuwa hujawaza, au ulikuwa hujafukuziwa mke?"

Mdogo wangu akamwambia waende pamoja kwa meneja kesho, aseme hayohayo aliyoyasema hapa. Yeye akatazama viatu vyake. Akasema mama, nielewe, nina kazi ya kulinda.

"Mimi sina," akasema mdogo wangu, akamrudishia matunda yake.

Asubuhi nilimpeleka idara ya kazi kwa lori. Alijaza malalamiko yake mwenyewe, sikumsaidia hata neno. Karani alipouliza shahidi wake ni nani, alimtaja mlinzi wa king'ora kwanza. Kisha akamtaja mumewe, cheo chake na idara yake.

Karani akamuuliza kama ana hakika, maana shahidi anayelazimishwa anaweza kumgeuka.

"Kikaoni aliulizwa kistaarabu," akasema. "Mwache aulizwe kwa kiapo."

Wito wa kutoa ushahidi ulimfika mumewe wiki hiyohiyo, mbele ya meneja. Tangu hapo shemeji ananipigia simu kila siku, anataka nimshauri afanye nini. Diploma ni yake, lakini ushauri anautafuta kwa dereva aliyeacha shule darasa la sita. Sipokei.