Pea ya Saba

Tope la kambi ya Nduta halikutaka kutoka kwenye raba. Kuruthumu alilisugua kwa mswaki wa zamani tangu asubuhi, akabadilisha maji mara tatu, na bado kwenye mifereji ya soli ilibaki mistari myekundu kama fizi zinazovuja damu. Ridhiwani, mdogo wake, alikuwa ameshapiga simu: basi limepita Nyakanazi, alasiri atakuwa Kibondo.

"Utaitoboa hiyo raba," alisema mama yao, aliyekaa kwenye kizingiti cha jiko akichambua maharage. "Si umwambie tu kwamba umeivaa?"

"Mama, hujui unachosema."

"Najua. Nimezaa watoto wawili, mmoja anaabudu viatu, mwingine anavivaa kwa wizi."

Kuruthumu hakucheka.

Miaka mitatu nyuma, mwaka 2012, Ridhiwani alikuwa akiuza mitumba soko la Kasulu. Robota likifunguliwa, wenzake waligombania jinzi na makoti. Yeye alizama kwenye raba. Akiona moja alijua ilitengenezwa mwaka gani na kwa ajili ya mchezaji gani wa mpira wa kikapu. Zile za kawaida aliziuza. Zile adimu alizifuta, akazitazama, akaziweka. Alipofikisha pea saba akaenda Dar kutafuta maisha, na kabla ya kupanda basi alizikabidhi kwa dada yake, kila pea ndani ya mfuko wa nailoni uliokazwa kwa kamba.

"Vumbi lisizione, dada. Jua lisizione. Na mguu wa mtu usiingie humo, hata wa kwangu. Hili ndilo shamba langu."

Kuruthumu alizitunza kwa namna pekee aliyoijua ya kutunza kitu kisichotakiwa kuharibika. Alizitunza kama mbegu. Nyumbani kwao maharage ya kupanda hukaushwa, huchanganywa na majivu, hufungiwa kwenye ndoo, kisha hupandishwa kichanjani juu ya mafiga, moshi na joto viyalinde mpaka mvua za kupandia. Mbegu za mama hazikuwahi kuliwa na mdudu. Basi na raba nazo zikatiwa kwenye ndoo zenye mfuniko, majivu yakajazwa kuzunguka mifuko, zikapanda kichanjani. Kila Ijumaa alipanda juu ya kigoda kuzigusa, ahakikishe hazijapata unyevu.

Pea sita zilikaa hivyo miaka mitatu. Ya saba ilikaa mpaka Oktoba.

Oktoba hiyo ya 2015 kambi ya wakimbizi ya Nduta ilifunguliwa tena, Warundi wakaanza kushushwa kwa mabasi, na shirika moja likatafuta watu wa kutafsiri. Mtu aliyelelewa kwa Kiha hahitaji kufundishwa Kirundi. Kuruthumu alipata kazi siku ileile, kwa sharti moja: viatu vya kufunika mguu mzima. Yeye alikuwa na ndala. Miguu yake ni namba arobaini na moja, sawa na ya mdogo wake, na viatu vya kike sokoni Kibondo viliishia thelathini na tisa. "Wewe nenda ziwani ukanunue mitumbwi," muuzaji mmoja alimwambia. Siku hiyo alishusha ndoo moja, akatoa pea nyeusi yenye ukingo mwekundu, akajiapia kwamba ni ya siku moja tu. Mvua ilinyesha. Kesho yake ilinyesha tena. Sasa ilikuwa Desemba.

Na wiki iliyopita ndipo Ridhiwani alipopiga simu akipumua kama aliyekimbizwa. Mzee Saady wa Kariakoo, mwenye duka la raba za zamani, amemwambia alete pea zake zote saba, zikiwa safi. Atampa kabati la kioo na meza yake mwenyewe dukani. "Nimechoka kubeba mizigo ya watu, dada. Kaa nazo vizuri mpaka nije."

Sasa Kuruthumu aliifuta raba kwa kanga, akairudisha kwenye nailoni, akafunga kamba kwa fundo lilelile la Ridhiwani. Kama Ridhiwani angeiona ya mwisho, baada ya kufurahia zile sita, labda hasira ingekuwa ndogo.

Ridhiwani aliingia uani na begi mgongoni, kakonda, kandambili miguuni. Alimkumbatia mama, akamkumbatia dada, na macho yake tayari yalikuwa jikoni.

"Zipo?"

"Oga kwanza, ule."

"Dada, sijalala siku mbili kwa ajili ya hizi. Zipo?"

Ndoo zilishushwa. Alipoona majivu alimtazama dada yake. "Majivu?"

"Yazuie unyevu. Na wadudu."

"Haya." Alicheka kidogo. "Haya, sawa."

Akafungua pea ya kwanza, nyeupe, sasa imegeuka rangi ya chai ya maziwa. Aliipapasa, akaweka mguu ndani, akafunga kamba taratibu. "Nione tu inavyokaa," alisema, kama anayemwomba mtu ruhusa. Hatua ya kwanza ilikuwa nzuri. Ya pili ilitoa sauti ya biskuti. Ya tatu, soli ilibaki chini na Ridhiwani akasonga mbele bila hiyo.

Alichuchumaa. Akaokota kipande, akakibonyeza kwa vidole viwili. Kikawa unga.

"Ngoja," alisema. "Hii ilikuwa na kasoro tangu zamani."

Ya pili ilivunjika mkononi kabla haijavaliwa. Ya tatu soli ilibandukika yote, gundi yake kavu kama ganda la kidonda. Kuruthumu alihesabu kimoyomoyo, na kila ilipovunjika moja aliona ile ya saba inamkaribia. Nne. Tano. Sita. Uani palikuwa na chengachenga nyeupe, na kuku alikuwa amekuja kuzidonoa.

"Maharage yangu yangekuwa yameota," mama alisema kwa sauti ndogo, kisha akajuta kusema.

"Lete hiyo."

"Ridhiwani, mdogo wangu, nisikilize kwanza."

"Lete."

Alifungua fundo. Aliigeuza raba, akaona mistari myekundu kwenye mifereji. Akaigusa kwa ukucha. Kisha akashika kisigino na ncha, akaikunja. Ikakunjika. Akaiachia, ikarudi.

"Umeivaa."

"Nimeivaa."

"Mara ngapi?"

"Kila siku ya kazi. Miezi miwili. Sikuwa na kiatu, Ridhiwani, wangenirudisha. Nilikuwa…"

"Kwenye tope?"

"Kwenye tope."

Alikaa chini kati ya vipande, raba mapajani, akiikunja na kuiachia, akiikunja na kuiachia. Kuruthumu alisubiri matusi.

"Mimi ndiye niliyezifunga kwenye nailoni," alisema Ridhiwani hatimaye. "Na wewe ukazipandisha motoni. Tumezipika, dada. Iliyotembea ndiyo iliyopona."

"Na Mzee Saady?"

"Alitaka saba." Akafuta uso kwa kiwiko. "Ataona moja. Akinifukuza, nitarudi kubeba mizigo." Kisha akamrushia dada yake raba zote mbili. "Vaa."

"Nini?"

"Vaa, nimesema. Basi ni Jumatatu asubuhi. Mpaka hapo sitaki zikae bure hata saa moja."

Jumatatu walitembea kwenda stendi, Kuruthumu na raba, Ridhiwani na kandambili, wote wawili macho chini. Kila kwenye dimbwi Ridhiwani alimshika mkono. Kila kwenye jiwe Kuruthumu alizuia pumzi, akisikilizia ile sauti ya biskuti. Haikuja.

Mlangoni mwa basi alizivua. Ridhiwani alizipokea zikiwa bado na joto la miguu, akaanza kuzitia kwenye begi, akasita, akazivaa.

"Na kazini utaenda na nini?" aliuliza.

Kuruthumu alikuwa ameshaingiza miguu kwenye kandambili za mdogo wake. "Panda," alisema. "Na ukifika, usikae sana. Zitembeze."