Mkono wa Menza

Yule memsahibu niliyemlelea watoto kule Diani alikuwa na ada moja iliyonikera. Mtoto akimimina maji yakamwagika, yeye aliketi akaikalia mikono yake yote miwili, asije akamsaidia. Nilimdhania mvivu. Baadaye nikamwona mwanawe wa miaka mitatu akifunga vifungo vyake mwenyewe, nikaanza kutazama vizuri. Mwaka wa uhuru alifunga mizigo akarudi kwao, hakuniachia hata kijiko. Lakini nilichokitaka nilikwisha kukibeba kwa macho.

Maana nyumbani Msambweni nilikuwa na Menza, binti yangu, aliyepooza mkono wa kulia kwa homa akiwa na mwaka mmoja. Mkono ulining'inia tu ubavuni. Kila mtu alimhurumia, na huruma hiyo niliichukia. Mavyaa wangu alikuwa bado akimlisha Menza alipofika miaka mitano.

Nikaanza na birika na vikombe viwili. Kisha kunde na choroko zilizochanganywa, azitenge kwenye vifuu. Kisha vifungo vya shati la baba yake. Kwa seremala niliomba vipande vya msasa, nikavikata herufi, nikazigandisha kwenye ubao. Menza akazipitishia kidole cha kushoto, macho ameyafumba, mpaka akazijua.

"Unamtesa mtoto, Rispah," mavyaa akaniambia siku moja Menza alipokuwa akihangaika na kifungo. "Na tena kwa mkono wa kushoto. Mfungie, basi."

"Mwache, mama. Akitaka msaada atasema."

"Una moyo mgumu wewe."

Sikuwa na moyo mgumu. Nilikuwa nimeikalia mikono yangu mpaka imekufa ganzi, na machozi yananilenga.

Menza alipotimiza miaka saba, nikampeleka shule. Siku hizo wachache walikuwa na cheti cha kuzaliwa. Mtoto alipitisha mkono wa kulia juu ya kichwa, na vidole vikigusa sikio la kushoto aliandikwa. Visipofika alirudishwa nyumbani. Nililijua hilo, nikamweleza njiani. La kufanya sikumfundisha, kwa kuwa hata mimi sikulijua.

"Shikamoo, mwalimu," Menza akasema.

"Marahaba. Haya, sikio," akajibu Mwalimu Mwanzia.

Menza akapitisha mkono wa kushoto, ukafika bila shida.

"Wa kulia. Sheria ni moja kwa wote."

"Umepooza, mwalimu," nikasema kutoka kwenye benchi.

"Basi mrudishe nyumbani, mama. Hapa hatuna yaya wa kumshika mkono."

Kabla sijamjibu, mwalimu aliinama auinue ule mkono, anionyeshe kwamba haufai. Menza akarudi nyuma hatua moja.

"Niache, mwalimu. Nafanya mwenyewe."

Akaushika mkono wa kulia kwa wa kushoto, akauinua. Ukamponyoka. Watoto waliokuwa mlangoni wakacheka, na miguu yangu ikataka kusimama. Nikaitia mikono chini ya mapaja, nikaikalia. Akauinua tena, akauvuta juu ya kichwa, akainamisha shingo, na vidole vikalala juu ya sikio la kushoto. Akavishikilia hapo huku anamtazama mwalimu.

"Huko ni kuubeba," mwalimu akasema. "Si kufika."

"Ulitaka mkono wa kulia ufike sikioni," nikamwambia. "Umefika. Hukusema nani aubebe."

Mwalimu akafungua daftari kubwa la majina, akachovya kalamu kwenye wino.

"Jina?"

Menza akanyoosha mkono wa kushoto, akausubirisha mbele ya ile kalamu. Mwalimu akanigeukia, akitumaini nitamkanya. Sikumkanya. Akampa kalamu.

Wino ulidondoka mara mbili na herufi zikapanda mlima. Nami nikabaki nimeikalia mikono yangu mpaka alipomaliza.