Kitenge cha Kuku wa Njano

Wanasema kisasi si chema. Na waseme! Si wao waliomzika mama yangu kimya kimya.

Mimi ni Tusekile, fundi redio wa hapa Tukuyu, kibanda changu kiko nyuma ya soko. Mwaka themanini na tano nilikuwa natunza gitaa la umeme la bendi ya vijana wa kijijini kwetu Kinyala. Tulilichumia majani ya chai misimu miwili ndipo likaja. Siku moja likatoweka chumbani kwangu, na mlango haukuvunjwa. Basi, nani mwingine? Nikaitwa mwizi. Amoni, mpiga solo wetu, alilia kuliko wote, halafu akahamia Mbeya kutafuta maisha.

Mama naye akawa "mama wa mwizi". Kwaya ya akina mama aliyoiimbia miaka yote ikamwambia apumzike kwanza. Alipumzika mpaka akafa, na siku ya kumzika kwaya haikutokea. Kinyala, ambako hata mlevi wa njiani huimbiwa! Tulikuwa mimi, mchungaji na majirani wanne. Nilimeza, lakini haikushuka.

Sasa mwaka tisini na tatu, zama za ruksa, maduka yamejaa kila kitu, Amoni huyo kibandani kwangu, amevaa miwani ya jua na huku mvua inanyesha.

"Ugonile, dada Tuse! Yaliyopita si ndwele, au siyo?"

Akaweka mezani gitaa jeusi, rangi inang'aa. Jumamosi mchana alikuwa na onyesho ukumbini.

"Siku hizi watu wanataka sauti nyembamba, kali," akasema. "Lakini hii nene nayo naipenda. Nifungie swichi. Nikivuta kitufe iwe nyembamba, nikikibonyeza inarudi nene."

Kazi yenyewe si ngumu. Chini ya nyuzi kuna kile kidude kinachonasa sauti, tunakiita pikapu. Hii yake ilikuwa na koili mbili ubavu kwa ubavu, zinafanya kazi pamoja, ndiyo maana ya unene. Unafunua kifuniko cha bati, unatafuta pale koili mbili zilipoungana, unalehemu waya hapo na kuupeleka kwenye swichi. Ukivuta, koili moja inanyamaza.

"Umelipata wapi?" nikamuuliza.

"Lusaka, jipya, ndani ya boksi. Hakuna fundi aliyeligusa. Wewe ndiye wa kwanza, ona bahati yako!"

Alipotoka nikalegeza nyuzi, nikainua pikapu. Pembeni mwa kifuniko kilichungulia kitambaa, kidogo kama ukucha. Chekundu, na mguu wa kuku wa njano.

Nikakaa sakafuni.

Mwezi mmoja kabla gitaa halijapotea nililiangusha, waya wa koili ukakatika. Niliogopa kuwaambia wenzangu. Nikaisokota upya kwa mkono siku tatu, kwa waya wa simu mbovu, lakini utepe wa kufungia haukuwapo popote. Mwaka ule hata sabuni tuliipangia foleni. Mama akachana pindo la sare yake mpya ya kwaya, kitenge chekundu chenye kuku wa njano. "Funga, mwanangu. Asijue mtu." Nikafunga, nikalehemu kifuniko juu yake. Kumbe ni gitaa letu lilelile, rangi tu ndiyo mpya.

Ningeweza kwenda polisi. Sikutaka polisi, nilitaka watu.

Nikamwambia Amoni, "Kazi hii niifanyie jukwaani, kabla hujapiga. Watu waone utaalamu." Alivimba kama andazi. Kisha nikapeleka ujumbe Kinyala: Amoni anawaalika akina mama wa kwaya, viti vya mbele, na anaomba wavae sare yao ile ya kuku.

Jumamosi ukumbi ulifurika. Nilimwita jukwaani Hasheem, mwenye duka la redio, mtu ambaye hana upande Kinyala wala Mbeya, nikampa chuma cha kulehemu afungue yeye. Mimi nilisimama mbali, mikono nyuma. Amoni akashika maikrofoni.

"Gitaa hili nililitoa kwenye boksi mwenyewe! Halijafunguliwa tangu kiwandani!"

"Rudia, kaka," nikasema. "Wa nyuma hawakusikia."

Akarudia, tena kwa madaha. Moyo wangu ulikuwa unacheka.

Hasheem akayeyusha ile lehemu, akainua bati, akakunjua kitambaa polepole, akakinyanyua. Akakiangalia. Kisha akaangalia viti vya mbele. Kuku walewale wa njano, vifuani mwa akina mama kumi na wawili.

Mama Ambwene, kiongozi wa kwaya, alisimama, amelishika pindo la gauni lake.

"Yesu wangu! Jora hili tulikatiwa sisi tu," akasema. "Na sare ya mama yake Tusekile ilikuwa fupi. Nilimgombeza mwenyewe kwa kuikata."

Amoni akatazama mlango. Vijana wa zamani wa bendi walikuwa wameshasimama pale, nao si vijana tena. Akavua miwani.

Nilimalizia kazi, kwa sababu mimi ni fundi, si mwizi. Nikalehemu waya wangu, nikavuta kitufe, nikagonga uzi mmoja. Ilitoka sauti nyembamba, kali, ikachoma ukumbi mzima. Akina mama walinijia wakilia, wanataka kunikumbatia. Nikawaambia machozi wayatunze, kesho yatahitajika, na Amoni atakuja kupiga.

Jumapili, baada ya ibada, tulipanda Kinyala. Amoni alibeba kichwani betri ya gari ya kuwashia spika ya gitaa, kutoka barabarani mpaka kaburini kwa mama, na hakuna aliyempokea mzigo. Mvua ilinyesha, akina mama wakaimba wimbo wa maziko ndani ya mvua, sare zimewaganda mwilini, naye akipiga kichwa chini. Waliimba beti zote nne.

Mama Ambwene akanigeukia, sauti imemkauka.

"Mwanangu, inatosha?"

"Rudieni," nikasema. "Mama hajasikia."