Sindano ya Ngozi ya Ng'ombe

Mimi Levina, hapa Ifakara wananiita redio, na kweli sinyamazi. Mwaka 1994 ndipo niliponyamaza, na ndipo nilipotakiwa kusema.

Wifi yangu Balbina alikuwa anabariki ndoa kanisani na kaka yangu Wendelin, baada ya miaka ishirini na sita na watoto sita. Akaniambia, "Wifi, nitasimamaje mbele ya altare na makunyanzi haya? Watadhani Wendelin anaoa mama yake!" Tukacheka mpaka mbavu zikauma.

Mimi ni nesi. Nilikuwa nimetoka Dar es Salaam, kufanya kazi kwa daktari mmoja Mgiriki aliyekuwa akiwachoma matajiri sindano za kujaza makunyanzi. Nilirudi na dawa iliyobaki, nimeitia kwenye chupa ya chai yenye barafu. Masharti niliyajua: imetokana na ngozi ya ng'ombe, mchome mtu kidogo mkononi kwanza, subiri mwezi uone kama mwili unaikataa. Harusi ilikuwa baada ya wiki mbili. Tena ukoo wa kina Balbina wana mwiko wa ng'ombe, hata mchuzi wake hawaonji, eti huvimbisha uso. Nikajisemea, aa, mambo ya kizamani hayo, isitoshe dawa hailiwi. Sikumwambia. Nikamchoma usoni. Nilitaka sifa tu, basi!

Siku ya tano uso ukaumuka kama andazi, vinundu vyekundu kila nilipopitisha sindano. Balbina akalia. "Nimerogwa, wifi! Ni Merina, juzi kaniletea perege nikala." Merina, jirani yake, ndiye aliyewahi kuchumbiwa na Wendelin zamani.

Nikafungua mdomo niseme ukweli. Badala yake nikasema, "Mh, binadamu hawaaminiki." Mungu anisamehe.

Harusi ikafungwa, Balbina kajifunika shela zito, msimamizi wake mimi. Tulipofika nyumbani Merina akaja na zawadi, bata kamfunga miguu. Balbina akaninong'oneza, "Mtoe, wifi. Nakuamini wewe tu." Nikaenda mlangoni.

"Dada Levina, nimekosa nini?"

"Rudi nyumbani, Merina."

Akamweka bata chini, akaondoka. Uso wa Balbina ulipona baada ya miezi minne, lakini Merina alikuwa ameshahamia kijiji cha Mofu, maana kisimani watu walikuwa wakimkimbia, eti mchawi.

Yule bata watu wote walimwogopa. Nilimchinja, nikamla peke yangu, maana mimi nilijua hana kitu.