Mstari Mtupu wa Dalmas

Nyinyi kina mama ambao watoto wenu wamesomea kompyuta, mmebarikiwa, na mimi sina wivu. Naandika tu ili siku muuguzi atakapowajia na sindano mkono mmoja na karatasi iliyochapishwa vizuri mkono wa pili, msione haya kuuliza maswali ya kijinga. Mimi niliishia darasa la saba, kwa hivyo hayo ninayo mengi.

Ilikuwa Februari 2008. Nyumba yetu upande wa Sachangwan ilikuwa imechomwa kwenye ghasia za baada ya uchaguzi, nasi tulikuwa tunalala kwenye hema katika uwanja wa kanisa mjini Nakuru pamoja na familia nyingine nyingi. Mwanangu Quincy, miaka sita, alishikwa na homa, koo likavimba. Sasa Quincy hachomwi sindano ya penicillin. Alichomwa mara moja akiwa na miaka mitatu, uso ukafura hadi macho yakapotea, na daktari akaniambia mara ya pili huenda nisirudi naye nyumbani.

Kanisa nalo likaamua orodha ya muuguzi tuifanye kisasa. Binti yangu Mercyline, aliyekuwa chuoni, akazunguka hema kwa hema akiandika majina. Rafiki yake Shruti, ambaye babake Vipul ana duka la vitabu mjini na ndiye aliyetuazima leptopu, akafuata nyuma akiandika shida ya afya ya kila mtu kwa mpangilio uleule. Jioni wakachapa: majina faili moja, shida faili nyingine.

"Na mtaziunganisha na nini, gundi?" nikauliza.

"Mathe, kuna komandi inaitwa paste," Mercyline akasema. "Inachukua mstari wa kwanza wa hii na wa kwanza wa ile, inaweka kando kwa kando, inashuka hivyo hadi chini. Sekunde moja tu."

Kwangu mimi paste ni ya meno, lakini nani alikuwa ananiuliza.

Asubuhi muuguzi Naliaka akafika na orodha yake. Mistari imenyooka, inapendeza, unaweza kuiweka kwa fremu. Akamtazama Quincy kooni, akavuta dawa kwenye sindano.

"Hiyo ni nini?" nikauliza.

"Penicillin."

"Huyu hachomwi hiyo."

"Mama, hapa wamesema hana shida yoyote. Aliyekatazwa penicillin ni Eucabeth."

"Eucabeth ni mimi. Nimechomwa hiyo dawa tangu nikiwa msichana, na bado niko hapa nakusumbua."

"Watu husahau, mama."

"Ni kweli. Nilimzaa kwa masaa kumi na tisa, lakini karatasi ndiyo inamfahamu."

Tayari alikuwa amempaka spiriti. Nikampandisha mtoto kaptura, nikamweka nyuma yangu.

"Nisomee wale wa juu," nikasema.

Akashusha pumzi kama mtu aliyezoea akina sisi. "Dalmas, hana meno, apewe uji. Gachanja, mjamzito miezi saba." Akaisogeza karatasi karibu na macho.

Mzee Gachanja, miaka sabini na mbili, alikuwa mbele ya hema lake akimenya viazi. "Miezi saba yote," akasema, "na ndio mnaniambia leo? Bibi yangu atafikiria nini?"

Watu wakacheka. Wachuka, mwenye mimba yenyewe, akacheka hadi akashika tumbo. Mimi sikucheka. Nikamwita Mercyline.

"Kabla ya hiyo komandi yako, uligusa nini?"

"Sikugusa kitu. Kulikuwa tu na mstari mmoja mtupu kwa faili ya Shruti. Nikaufuta. Ulikuwa unaharibu sura."

Mstari huo ulikuwa wa Dalmas. Shruti alimkosa, kwa sababu mzee huyo alikuwa ameenda foleni ya maji, akamwachia nafasi ili arudi kumuuliza. Mercyline alipofuta ile nafasi, shida za watu wote waliomfuata zikapanda ngazi moja. Meno ya Gachanja yakaenda kwa Dalmas, mimba ya Wachuka ikaenda kwa Gachanja, penicillin ya Quincy ikapanda kwangu, na Quincy akapewa afya njema ya mtoto wa jirani.

Mercyline akafungua leptopu, akahesabu. Majina sitini na nne. Shida sitini na tatu.

"Na hukuhesabu jana?"

"Komandi haikulalamika, Mathe."

"Italalamika kwa nini? Haina mtoto hapa."

Naliaka akairudisha sindano kwenye trei bila kuniangalia, akamtafutia Quincy dawa nyingine, ya kunywa. Ile orodha maridadi akaikunja mara nne. Mercyline akachukua daftari na kalamu, akaanza upya hema la kwanza, jina na shida mstari mmoja, mtu akisema kwa mdomo wake. Ilikuwa saa tisa alipofika kwetu.

"Huyu?" akaniuliza, kama hatujuani.

"Muulize mwenyewe."

"Penicillin," Quincy akasema kwa sauti ya kukwaruza. "Hapana."

Akaandika. Kisha akanigeuzia daftari, akangoja niweke kidole kwenye jina na nikivute polepole hadi mwisho wa mstari.